Fungu la Kibibi

Pale Homa Bay, unaposhuka kutoka upande wa kilima cha Asego kwenda gatini, kulikuwa na benchi la mbao lililoegemezwa ukuta wa duka la fundi Mogaka. Miaka ile ya mwanzo mwanzo ya Uhuru hakuna jambo lililotokea nchini, au lililokataa kutokea, ambalo halikukatiwa hukumu pale. Kahawa ilikuwa ya Bi Mwanamvita, mjane wa Suleman, mama wa Mombasa aliyeletwa ziwani na ndoa. Alikuwa na jiko la makaa, dele la shaba, sinia la mahamri, na mdomo. Wateja wake wa kudumu walikuwa watatu. Mogaka mwenyewe alikuwa Mkisii na fundi wa nguo, wakimwita Sabato kwa kuwa Jumamosi hata sindano hagusi. Dahir, Msomali mfanyabiashara wa ng'ombe, walimwita Safari kwa kuwa kila hadithi yake inaanzia njiani. Na Nicodemus, karani mstaafu wa baraza, walimwita Spika kwa kuwa hakuna aliyewahi kusikia mwisho wa maneno yake. Wa nne hakuwa mtu. Alikuwa sungura mweupe mwenye masikio ya kijivu, jina lake Kibibi, akikaa ndani ya sanduku la sabuni kando ya jiko na kupiga chafya.

Asubuhi hiyo Bi Mwanamvita alikuwa na hasira za kumtosha yeye na majirani. Alilitua dele kwa kishindo hata makaa yakaruka. Hakusalimu mtu. Akasimama mbele ya benchi, mkono mmoja kiunoni, kidole cha mkono wa pili kikipita kwa Sabato, kikapita kwa Safari, kikaganda kwa Spika.

— Nani kampa Kibibi kitu kigumu jana?

— Mama, salamu kwanza, akasema Spika. Hata askari akikuja kukamata mtu anasema habari ya asubuhi.

— Salamu utazikuta kaburini! Nimeuliza, nani?

Akamtoa Kibibi sandukuni, akamgeuza uso uwaelekee. Kidevu cha mnyama kilikuwa kimelowa mate mpaka shingoni. Pua imeziba kwa kamasi nyeupe, na manyoya ya miguu ya mbele, anayojifutia, yamegandamana. Na meno, jamani! Ya chini yametoka nje na kupinda kama kucha za mtu mvivu. Ya juu yamejikunja yakarudi ndani, na moja limeshachoma ufizi.

— Tangu juzi hajatia kitu tumboni, akasema Bi Mwanamvita. Anausogelea mkate, anaunusa, anageuza uso. Anataka, hawezi. Shikeni mgongo huu muone. Mifupa mitupu! Akifa huyu, wallahi, benchi hili nalipasua kuni.

— Lakini si tulikata hii meno juzi juzi tu? akasema Sabato. Mimi mwenyewe nilishika miguu.

— Tulikata ikarudi, akasema Safari. Tukakata tena, ikarudi tena. Warya, hii si meno. Hii ni magugu.

— Sijauliza habari za magugu. Nimeuliza nani kampa kitu kigumu.

Spika akazungusha kofia yake magotini.

— Mimi nilipea yeye jani. Jana jioni. Jani moja tu ya mahindi, Mama. Ilikuwa inaniangalia.

— Jani!

— Jani changa.

— Mnyama kinywa chake kidonda kitupu, wewe unamtia jani lenye makali! Una akili wewe, au ziliishia kule barazani? Sasa nisikilizeni nyote, nisirudie tena. Mnyama wa nyumba yangu hali nyasi. Nyasi ni za punda! Kwetu mgeni hupewa kilicho bora na kilicho laini, na huyu ni mgeni niliyeachiwa. Anakula hamri lililoroweshwa maziwa. Anakula uji. Anakula wali. Nikimwona mtu anamsogezea nyasi, nitamwaga makaa haya kwenye mapaja yake.

Kwa nini mama mzima apandwe na mori namna hiyo kwa ajili ya sungura? Mjini waliuliza hivyo, na walicheka, na Bi Mwanamvita alikisikia kila kicheko. Ukweli ni kwamba Suleman alikuwa akiendesha lori la dagaa mpaka Isebania, na safari yake ya mwisho alirudi na Kibibi ndani ya kikapu. "Mchuzi wa Idd huu," alisema, akacheka, akamkuna mnyama kichwani. Idd ilipofika, Suleman alikuwa kaburini, homa ilikuwa imemchukua hata majirani hawajajua kama anaumwa. Bi Mwanamvita akakitazama kisu, akamtazama sungura, akakirudisha kisu jikoni. Tangu hapo nyumba ile ilikuwa na pumzi mbili. Akiamka asubuhi akisikia chafya, hujua hayuko peke yake.

Wanaume wa benchi walipokuja kumpa pole hawakujua la kusema. Mwanamume ataongea habari za ulimwengu mzima, lakini mweke mbele ya mjane anayelia uone ulimi unavyomkauka. Basi Mogaka, siku ile ya kwanza, alimega kipande cha mwisho cha hamri lake, akakichovya kwenye kahawa ya sukari, akakiweka ndani ya sanduku la sungura. Dahir akafanya vivyo hivyo. Nicodemus akafuata. Likawa ndilo neno lao la pole, na baadaye likawa sheria ya kijiwe. Hakuna aliyekunywa kahawa pale akamaliza hamri lake. Tonge la mwisho lilikuwa fungu la Kibibi, na hata mpita njia aliambiwa mapema.

Na maradhi yalipoanza, Bi Mwanamvita hakukaa kitako. Kila alfajiri alimfuta pua kwa maji vuguvugu ya chumvi, kwa vitambaa vilivyobaki mezani pa fundi. Alimpeleka kwa bwana mmoja wa mifugo, akiwa amembeba ndani ya kikapu kilekile cha Suleman. Bwana yule akachungulia kikapuni, akamuuliza ana ng'ombe wangapi. Alipojibiwa hana hata mmoja, alicheka mpaka akashika meza, akamwambia dawa ya mnyama yule ni vitunguu na nyanya. Bi Mwanamvita alirudi na kikapu chake, na kicheko kile alirudi nacho kifuani. Hakijamtoka mpaka leo.

— Mimi nitasema, akaanza Sabato, akiweka mkasi chini. Na mtu asikasirike. Biblia imesema wazi, huyu mnyama anacheua, lakini kwato hana. Ni najisi, sisi hatuli.

— Nani kakwambia umle?

— Ngoja, Mama. Kitu ikianza kutafuna lazima imalize. Huyu Kibibi hatafuni hata kidogo. Sasa meno inangoja kazi. Inangoja, inangoja, inakuja nje kuangalia kazi iko wapi.

— Na dawa yake?

— Aombewe. Mimi nitaongea na mzee wa kanisa. Lakini mlangoni tu, ndani haruhusiwi.

— Ptuu! Kamwombee yule bwana wa mifugo aliyenicheka.

Safari alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikiliza watoto.

— Nyinyi watu ya ziwa hamjui wanyama. Mimi nimetembea na ngamia kutoka Wajir. Upepo mbaya inaingia kwa pua, hapana pata njia ya kutoka, inasukuma meno. Dawa ni chuma ya moto. Unachoma hapa, na hapa, na hapa chini ya sikio.

— Mguse na chuma, Dahir, nikuchome wewe hapa na hapa na hapa unapokalia!

— Dada, mimi nasema dawa tu.

— Hata mganga wa ng'ombe alinipa dawa. Vitunguu na nyanya!

Spika akasimama. Akisimama Spika, watu hukaa vizuri, maana ni safari ndefu.

— Waheshimiwa. Yawa, hebu tuangalie ushahidi. Hii mnyama inalala mchana?

— Inalala, akasema Sabato.

— Imekonda?

— Imekonda.

— Basi ni malale! Mbung'o imetoka bonde ya Lambwe ikakuja hapa mjini. Na imekuja namna gani? Haina miguu ya kutembea mbali hivyo. Imepanda ng'ombe. Na ng'ombe inayopita hapa ni ya nani?

Macho yakamgeukia Dahir. Dahir akainuka, kikombe kikaanguka.

— Ng'ombe yangu? Ng'ombe yangu iko safi kuliko wewe! Rudia hiyo maneno!

— Nimesema mbung'o, sijasema wewe.

— Umesema ng'ombe ya Dahir imeua sungura ya marehemu Suleman! Suleman alikuwa ndugu yangu, nilimshusha kaburini na mikono hii!

— Hajafa! akapiga kelele Bi Mwanamvita. Nani kasema kauawa? Hajafa!

Kibibi akapiga chafya, na nyingine, na nyingine tena, masikio yakimcheza. Spika akaona aibu, na aibu ikimshika Spika huzidisha maneno.

— Basi tuache mbung'o. Iko maneno ingine kubwa kuliko hiyo. Hii sungura ni mbegu ya wazungu. Nyanya yake ilikaa kwa shamba ya mzungu huko milimani, na wakati ya mzungu kila kitu ilikuwa na mtu wa kuiambia simama. Sasa mzungu ameenda. Nani ataambia hii meno simama? Imepata Uhuru, inaenda tu!

— Hapana, akasema Dahir, bado akitweta kwa hasira. Mimi nimejua ugonjwa. Ugonjwa ni wewe. Huyu mnyama anasikia wewe asubuhi mpaka jioni, miaka mbili, hapana nafasi ya kujibu. Maneno imejaa ndani ya mdomo yake, inasukuma meno ikatoka nje!

Sabato alicheka hadi akatoa machozi. Bi Mwanamvita hakucheka. Alikuwa amepiga magoti kando ya sanduku, akimpangusa mnyama kidevu.

— Chekeni. Chekeni sana. Alicheka yule wa ofisini, nanyi chekeni. Mnakaa hapa mnatunga hadithi, na mwenzenu anakufa njaa mbele yenu na chakula kimemzunguka. Hakuna hata mmoja wenu anayejua lolote. Hakuna! Hata mimi sijui, lakini mimi walau silioni jambo la kuchekesha.

Benchi likapoa. Jambo moja tu walikubaliana wote watatu, kama walivyokubaliana siku zote, kwamba anayepiga chafya ameingiwa na baridi, na ziwa lina upepo. Basi Sabato akalisukuma sanduku likasogea karibu zaidi na jiko. Dahir akaongeza makaa. Spika akavua kofia akapepea moto kwa bidii, apate kusamehewa, na moshi ukajaa kibarazani.

— Haya, akasema Bi Mwanamvita. Hiyo koleo iko wapi?

Dahir alikuwa nayo mfukoni, koleo ndogo kali aliyoitumia kwa kwato za mbuzi. Bi Mwanamvita akaketi kwenye ngazi ya duka, akamfunga Kibibi ndani ya kanga mpaka kikabaki kichwa tu, akamkumbatia tumboni. Sabato akafungua midomo ya mnyama kwa vidole vyake vya fundi. Dahir akasema bismillahi.

— Polepole, Dahir. Usimpasulie jino mpaka kwenye mzizi. Ukimpasulia sitakusamehe.

— Dada, usiongee. Mkono inasikia.

Tak! Kipande cha jino kikaruka, kikatumbukia kwenye kikombe cha Spika. Tak! La pili. Kibibi akarusha miguu ndani ya kanga, akatoa sauti nyembamba ambayo sungura huitoa akiwa amefika mwisho wa hofu, na machozi yakamtoka Bi Mwanamvita, akayakasirikia na hayo pia, akayafuta kwa bega. Tak. Kisha la mwisho, lile lililochoma ufizi, Dahir alilikata akiwa ameuma ulimi, jasho likimdondoka puani.

— Imekwisha, akasema. Alhamdulillahi.

Kibarazani palikuwa na shangwe, utadhani wamefunga bao. Spika alikiopoa kipande cha jino kikombeni, akakiweka kwenye kisahani, akainywa kahawa vilevile. Sabato akamega hamri, akalichovya kwenye kahawa ya sukari, akaliweka sandukuni. Dahir akaweka la kwake. Spika akaweka mawili, moja la msamaha. Bi Mwanamvita akaongeza kibakuli cha uji laini usio na hata chembe. Kibibi akanusa hamri. Akanusa uji. Akageuka, akaweka uso kwenye kona ya sanduku, akapiga chafya.

— Kula basi, akasema Bi Mwanamvita. Kula, mama. Kinywa si chepesi sasa? Kula!

Hapo ndipo alipofika Phelesia. Alikuwa mke wa mwalimu mmoja, ndio kwanza wahamie kutoka Migori, na alikuja kufuata gauni lake kwa fundi. Ukimtoa fundi, hakuwajua watu wa benchi, nao hawakumjua.

— Hamjambo? akasema, akikohoa. Yesu wangu, moshi huu! Fundi, nimekuja. Uliniambia leo.

Sabato akaanza kupekua mezani kwa haraka ya mtu anayejua anachotafuta hakipo. Phelesia akafunika pua kwa kitambaa, akachungulia sandukuni.

— Ni sungura! Mzuri. Mbona analia machozi?

— Ni mgonjwa, akasema Bi Mwanamvita kwa ukali. Kifua na meno. Meno yanakua, tunakata, yanakua. Useme lako na wewe, wenzako wameshasema.

— Mimi sina la kusema, mama. Niulize tu. Nyasi zake mmeziweka wapi?

Phelesia akachungulia nyuma ya sanduku.

— Nyasi gani? akauliza Spika, na ilikuwa mara ya kwanza benchi kumsikia akisema maneno mawili na kukaa.

— Za kula. Naona mahamri, naona uji. Kwetu kaka yangu anafuga, na wale wanyama wanatafuna nyasi tangu jua linapotoka mpaka linapozama, mdomo haupumziki. Huyu wenu anatafuna nini?

Spika alimtazama Sabato. Sabato alimtazama Safari. Safari alitazama koleo mkononi mwake. Phelesia akakohoa tena, akapeperusha moshi kwa mkono.

— Basi, nimeuliza tu, jamani. Fundi, gauni?

Sabato akarudi kupekua mezani, kwa kuwa gauni lilikuwa bado halina mikono.

Bi Mwanamvita hakuwa akimsikia mtu. Alikuwa ameangalia kipande cha jino juu ya kisahani cha Spika, kirefu, kizima, hakina hata dalili ya kusagika. Meno yale hayakuwa na kazi. Miaka miwili hayakupewa kazi. Alikuwa ameyaonea huruma, kila siku akilainisha chakula zaidi ya jana, na kila siku yakirefuka. Akamwona Suleman akimkuna mnyama kichwani. Damu ikampanda usoni.

Akaingiza mkono sandukuni, akatoa mahamri yote yaliyolowa, akayavurumisha barabarani, na uji ukafuata na kibakuli chake. Kuku wa jirani wakaja mbio. Kisha akalibeba sanduku kifuani, akalipeleka mwisho wa kibaraza, mbali na jiko na moshi uliokuwa ukimtia chafya, pale upepo wa ziwa unapopita safi.

— Mama, baridi! akasema Sabato.

— Inukeni.

— Tuinuke twende wapi? akasema Dahir. Kahawa bado.

— Kahawa imekwisha.

— Dele iko imejaa, Dada. Nasikia inachemka.

— Nimesema imekwisha! Vukeni barabara mkakate nyasi, nyote watatu. Na mikono mnayo.

Ikawa Homa Bay iliona jambo lisiloonekana tena. Fundi Mogaka na mkasi wake mzuri wa vitambaa, Dahir na kisu cha kiunoni, na karani mstaafu wa baraza na mwavuli, akipiga piga vichaka kwa kuogopa nyoka, wote wameinama ukingoni mwa barabara na kugombana nyasi ipi ni ya sungura na ipi ni ya ng'ombe. Nyasi ilikuwa imeota pale miaka yote, hatua chache kutoka benchini, na walikuwa wakiikanyaga wakija kunywa kahawa. Phelesia aliketi kumngojea fundi wake, akatazama bila kuelewa amekosea nini.

Walirudi na mafungu mikononi. Bi Mwanamvita akayachambua moja moja, akitupa yenye vumbi, akafutia mengine kwenye kanga yake, akayaweka sandukuni. Wakasubiri. Kibibi akabaki ameelekea konani. Pua ikacheza. Akapiga chafya. Akageuka polepole, akanusa, akalivuta jani moja kwa pembe ya mdomo, likakwama, likaanguka. Dahir akanong'ona dua. Akalivuta tena. Mara hii lilikwenda, likaingia kwa ndani, kwenye magego, na taya likaanza kusaga upande kwa upande. Halikwenda haraka. Lilisimama mnyama akitafuta pumzi, kisha likaendelea. Pua bado ilikuwa imeziba, mgongo bado ni mifupa, na hakuna aliyeweza kusema kama ataiona wiki ijayo. Lakini alikuwa akila, na sauti ya kusaga ile walikuwa wakiisikia wote.

Bi Mwanamvita alibaki ameinama pale mpaka jani likaisha na la pili likaanza. Kisha akasimama, macho mekundu, akajifunga kanga kiunoni kwa nguvu, akawageukia.

— Sasa nataka mniambie, akasema kwa ghadhabu. Miaka miwili mnyama anateseka. Nani katika nyinyi aliyesema nyasi ni za punda?

Spika akafumbua mdomo. Sabato akamkanyaga mguu. Safari akageuka kutazama ziwa. Jibu walikuwa nalo wote watatu, na kila mmoja alikuwa anataka kunywa kahawa kesho.